Kadi Inayolia Mbuchi

Kibiti, Jumatano. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua hainyeshi.

Wiki nzima seva yetu, kompyuta ya kuhifadhia data iliyo kituo cha Mbuchi kule delta, ilikuwa ikilia pii, pii. Inayolia ni kadi ya RAID, ile inayoandika kila kitu kwenye diski mbili kwa pamoja ili moja ikifa nyingine ibaki. Diski zenyewe ni nzima. Mgonjwa ni kadi.

Nilivyozidi kusoma ndivyo nilivyozidi kushangaa. Kumbe kadi ina mpangilio wake wa siri, na ikifa, diski mbili nzima zinaweza zisisomeke mpaka upate kadi ya aina ileile. Dar tumeitafuta, hakuna. Linux, mfumo unaoiendesha seva yenyewe, hufanya kazi hiyohiyo kwa programu tu, na diski zikasomeka kwenye mashine yoyote. Kwa nini basi tulinunua kadi? Sijapata wa kunijibu.

Ndani ya diski hizo mna vipimo vya chumvi ya maji vya misimu yote, pamoja na picha za mashamba. Wakulima wa mpunga wa Mbuchi wanavisubiri wajue wapande wapi mwaka huu, maji ya bahari yasije yakawaunguzia miche. Nakala nyingine hakuna. Mtandao wa dishi ni mwembamba mno kuvivuta vyote huku.

Kwenda mwenyewe haiwezekani. Ni maji mafu, bahari haijai vya kutosha, na boti haiingii mkondo ule mpaka bamvua, maji makubwa.

Basi mimi karani nikafanya kazi nikiwa hapa kitini Kibiti. Diski moja nikaitenga na kadi, nikaitengenezea RAID ya programu iliyo nusu, nafasi ya mwenzake ikiwa wazi, nikanakili humo kila kitu. Ile ya pili sikuigusa. Ikabaki kuizima seva na kuiwasha, nione kama itaamkia kwenye diski niliyoipanga upya.

Kwanza nikamwita Bi Tunu, mpishi na mtunzaji wa kituo cha Mbuchi, kwa simu ya upepo, ambayo kila kituo cha delta kinaisikia.

"Shikamoo Bi Tunu. Naizima mashine na kuiwasha. Usiguse kitu, hata mimi nikikuambia uguse. Ova."

"Marahaba. Hata wewe? Ova."

"Hata mimi. Najijua. Ova."

Nikatoa amri. Seva ikakata.



Nikaiita, haijibu. Nikanywa maji, nikaiita tena. Nikawaona akilini wakulima wale wamekaa kwenye mkeka, wananitazama. Mkono wenyewe ukaenda kwenye simu ya upepo.

"Bi Tunu, chomoa waya wa umeme, kisha uchomeke. Ova."

"Sichomoi. Ulinikataza. Ova."

"Sasa nakuruhusu. Ova."

"Aliyenikataza alikuwa ametulia, mwanangu. Wewe unatetemeka, nakusikia. Taa zinawaka-waka, acha ifanye kazi yake. Ova."

Ikaingia sauti ya bwana wa kituo cha Ndundu: "Karani, mwache mama wa watu akapike. Ova."

Delta nzima ilicheka, nina hakika. Nikaiweka simu ya upepo mezani kwa aibu.

Na nilipoiacha hivyo, seva ikajibu.

Nimezisoma kumbukumbu zake. Kadi ilipoteza muda ikiitafuta diski niliyoinyang'anya. Nilipoamuru waya uchomolewe, seva ilikuwa imeanza kuamka na inaandika kwenye diski iliyopangwa upya. Ningeweza kuiharibu nakala ile kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nimefungua vipimo vya msimu wa kwanza na vya msimu uliopita. Vipo. Ndipo nikathubutu kuifuta ile diski ya pili na kuiunganisha na mwenzake. Sasa inajazwa polepole, nami nashindwa kuacha kuitazama.

Bi Tunu anasema kadi bado inalia. Ilie tu. Haina siri tena.

Ila hofu yangu sijaielewa. Inatoka wapi, na kwa nini hujifanya ni uangalifu? Kesho nitamwita Bi Tunu, nimshukuru, nimwombe aendelee kunikatalia.