Kidege cha Mustafa

Magomeni, Mtwara
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Mpendwa Mjomba Kassimu,

Assalaam alaykum warahmatullah, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mkazamjomba Tatu na wote waliomo nyumbani Mahurunga. Goti lako linaendeleaje? Mama ameniambia bado linakusumbua ukiinama kuokota korosho, na ukiambiwa upumzike unawafukuza watu shambani. Huku kwetu hatujambo. Baba amepona kikohozi, Mama anakusalimu sana na anasema ukija usisahau muhogo mkavu. Mimi nipo, kazi inakwenda, ila joto la mwezi huu kule juu mnarani uwanja wa ndege, vioo pande zote, si la kusimulia.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwanza, kila nikikupigia, simu yako imeshashika mtandao wa Msumbiji, na badala ya salamu napokewa na malalamiko kwamba salio lako linaliwa na watu wa ng'ambo ya mto. Pili, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba mambo ya posa hayasemwi simuni, maana hujui nani amekaa ubavuni mwa mwenzako anasikiliza. Basi nimempa barua binamu Saidi ailete kwa mkono wake, na nimemwonya asiifungue. Ukiiona imekunjwa vibaya, unajua wa kumuuliza.

Nianze pale tulipoachia. Mzee Hassani, mshenga wa Mustafa, alipotoka kwako alipita hapa nyumbani akiwa ameshiba barabara. Alisifu mno kisamvu cha mkazamjomba, akanywa chai, ndipo akatueleza jibu lako. Alisema hukukataa na hukukubali. Uliuliza ukoo wa kijana, ukaridhika kwamba wazee wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji zamani na makaburi yao yako huku. Uliuliza swala, ukaridhika. Kisha ukauliza anaendesha ndege gani. Mzee Hassani, masikini, ambaye hajapanda hata moja maishani mwake, akakujibu kwamba ni kile kidege chenye pangaboi moja puani. Hapo, alisema, uliomba maji ya kunawa, ukasema kijana akishafika kwenye ndege kubwa ndipo wazee wake warudi.

Baba aliposikia alisema yeye hana neno, neno la mtoto wa dada yako ni lako. Ndivyo tulivyo, mjomba ndiye anayeoza, na sina ugomvi na hilo.

Ila Mjomba, kwanza nilicheka, maana nilijua ulikotokea. Ulianza utingo, ukapewa pikapu, kutoka pikapu ukapanda lori, na mwisho ukakabidhiwa basi la Newala, na barabara nzima ikajua kuwa Kassimu amefika. Kwa hesabu hiyo, mwanamume wa umri wa Mustafa ambaye bado yuko kwenye kidege ni utingo aliyechelewa kukua. Nilipokupigia kukueleza, ulinikata kauli. Ulisema hutaki maelezo ya mtu aliyekwisha penda. Ukaniagiza niwaulize marubani wenyewe, hasa wa ndege kubwa, ndege gani wanaipenda kuiendesha kuliko zote na sababu yake, nikuletee majibu yao bila kupunguza wala kuongeza. Agizo hilo nimelitimiza, na kwangu mimi mwongoza ndege lilikuwa jepesi, maana watu hao naongea nao redioni kila siku, na wakitua wengi hunipungia mkono.

Wa kwanza nilimuuliza Kapteni Josephu. Huyu ni mtu mnene, ana sauti ambayo angekuwa Mwislamu tungemfanya mwadhini. Anaendesha ndege ndefu ya mapangaboi mawili, na alinijibu hata sijamaliza swali kwamba ni hiyohiyo yake. Anapenda nguvu zake, inavyopanda utadhani imekasirika na ardhi. Lakini zaidi anaipenda kwa sababu ni ngumu kuitua. Ni ndefu na miguu yake ni migumu, ukizembea kidogo inakubamiza chini mbele ya abiria wote, nao wanashuka wakikutazama usoni. Siku inapokaa chini kwa ulaini, alisema, anatembea kutoka kwenye ndege hadi jengo la abiria kama bwana harusi. Nami nimemwona akitembea hivyo, kwa hiyo nathibitisha.

Wa pili ni Kapteni Jesca, anayerusha jeti. Mama huyu hataki kusikia habari ya ndege nyingine. Anasema jeti yake imetulia, kelele zinabaki nyuma, mawingu yanapitwa kwa juu, na usukani si ule wa kukumbatia kifuani bali ni kijiti kidogo pembeni. Kwa hiyo mbele yake panakuwa wazi na anaweza kula wali wake kwa heshima kama mtu mzima. Nilipomtajia kidege cha pangaboi moja alicheka mpaka akafuta machozi. Mungu amwepushie, alisema. Saa sita mchana hewa ya moto ikipanda kutoka mashambani inakirusha huku na huku, jasho linakutoka, masikio yanavuma, na choo hamna. Uliniambia nisipunguze, basi hilo nimeliandika lote.

Yupo na rubani wa helikopta, nilimuuliza kwa kuwa alikuwa amekaa hapo. Alijibu kuwa ndege anayoipenda ni ile iliyozimwa injini, imefungwa kamba, na yeye yuko kwenye supu. Huyo sidhani kama atakusaidia.

Nilirudi kwa Kapteni Josephu nikamuuliza ulilotaka hasa kujua, kama kidege ni kazi ya mtu aliyeshindwa kupanda daraja. Hakucheka. Alisema wapo marubani wenye mvi waliokaa kwenye videge maisha yao yote na hakuna anayewadharau. Mwenye ndege kubwa anatua mahali palipoandaliwa, kuna lami, taa, zimamoto, na mimi juu mnarani nikimwambia upepo unatoka wapi. Mwenye kidege anatua kwenye uwanja wa majani ambako hakuna mtu. Anaupita kwanza kwa chini kuwafukuza mbuzi, anatazama majani yanalala upande gani ajue upepo, halafu anaamua peke yake. Alisema ndege kubwa zimemfundisha kusimamia, lakini kuruka alifundishwa na kidege.

Sasa nafika mahali ambapo mkono umekuwa mzito kidogo. Kapteni Jesca alipokuwa anaondoka siku ile alinishika bega akanipongeza. Nikamuuliza pongezi za nini. Akashangaa. Alisema basi sijaambiwa, Mustafa amekubaliwa kwenye mafunzo ya jeti, mwezi ujao anaripoti Dar es Salaam, na akifaulu watakuwa wanarusha pamoja. Nilishukuru nikatabasamu kama mtu anayejua. Nilipanda ngazi za mnara. Nilikaa, nikavaa vipokea sauti, nikaendelea na kazi, lakini moyo haukuwa mahali pake.

Alhamisi alasiri nilikwenda Mikindani, kwao, nikamkuta anabandua rangi ya zamani kwenye mlango wa mama yake. Mama yake alituletea chai akakaa palepale barazani akichambua mchele, kwa hiyo usiwe na wasiwasi, hatukuwa wawili tu. Sikumgombeza. Nilimuuliza swali lako kama nilivyowauliza wengine, ndege gani anaipenda na kwa nini.

Alisema ni hiki kidege. Mabawa yake yako juu ya madirisha, kwa hiyo hakuna kinachomzuia kuona chini. Akitoka hapa kwenda kusini anaona maji ya Ruvuma yanavyoingia baharini na rangi yake ya udongo, yanakwenda mbali kabla hayajakubali kuchanganyika. Anaona mikoko, anaona mashamba yenu, anajua nani amepalilia na nani hajapalilia. Lakini sababu yenyewe, alisema, si hiyo. Sababu ni kwamba kidege hakina mlango kati yake na abiria. Ndege kubwa rubani anafungiwa mbele kwa mlango wa chuma na watu anawasikia kwa simu. Yeye akigeuza shingo anawaona wote. Anajua nani anaogopa. Anasikia nani anasoma dua, naye anaitikia amina. Siku moja bibi mmoja aliyekuwa anatoka hospitali alimgonga begani hukohuko angani, akampa korosho za kukaanga, akamuuliza kama ameshaswali adhuhuri. Alipokuwa akinisimulia hayo aliuweka chini ule msasa, mikono yake ikawa inaonyesha bega, inaonyesha korosho. Nikakukumbuka, Mjomba. Mimi nilikuwa mdogo nimekaa kwenye kiti cha nyuma yako kwenye basi la Newala, nawe ulikuwa ukitazama kile kioo cha kuonea nyuma na kumuuliza mtu wa mwisho kabisa mgonjwa wake ameamkaje.

Ndipo nikamuuliza, kama ni hivyo, kwa nini anakwenda kwenye jeti. Mama yake aliacha kuchambua mchele. Mustafa alijibu kwamba mwanamume akienda kuomba mke anapeleka kile alichoombwa, na wewe umeomba ndege kubwa. Alisema hakutaka nijue mpaka afaulu, ili nisije nikahisi nina deni kwake.

Nilikasirika. Nasema wazi kwa kuwa ukweli ndio ulioutaka. Nilikukasirikia wewe huko Mahurunga uliko, nikamkasirikia yeye kwa kuninyamazia, nikajikasirikia mwenyewe kwa vile nilivyocheka mwanzoni nikadhani ni jambo dogo. Nilimtazama mtu yule, mwenye vumbi la rangi kwenye nyusi, nikamwona miaka ijayo amefungiwa nyuma ya mlango wa chuma kwa ajili yangu. Hatanilaumu kwa mdomo, si mtu wa hivyo. Lakini atarudi nyumbani kimya, nami nitajua kimya kile kimetoka wapi, na hakuna wali nitakaompikia utakaokiondoa.

Basi Mjomba, hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nilimwambia aandike kujitoa kwenye mafunzo yale. Alikataa, akasema neno la mjomba haliwezi kuvukwa. Nikamwambia asipojitoa, mimi ndiye nitakayejitoa kwenye posa, na mama yake ni shahidi. Ijumaa baada ya swala amejitoa. Nafasi imeshapewa mtu mwingine na haiwezi kurudi. Sharti uliloliweka halipo tena, na aliyelivunja si Mustafa wala wazee wake. Ni mimi, mtoto wa dada yako, ambaye tangu nizaliwe sijawahi kuvuka neno lako hata moja. Jumamosi ijayo Mzee Hassani atarudi kwako kusikia jibu, na kijana anayemwombea ni rubani wa kidege, na nijuavyo mimi atabaki kuwa rubani wa kidege. Kama una hasira, nakuomba usimmwagie mzee wa watu. Niite, nitakuja nikae chini mbele yako.

Ukisema ndiyo, nitafurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Ukisema hapana, nitalia, halafu Jumatatu nitapanda mnarani kama kawaida, na sitatoroka naye wala sitakuaibisha. Nilitaka tu, kabla hujajibu, ujue unamjibu nani. Ukimkataa, umkatae kama alivyo. Wala usimkubali kwa ajili ya ndege asiyoipenda.

Mimi kazi yangu ni kuwaruhusu watu waondoke. Kutwa nzima namwambia huyu ondoka, na yule ondoka, nawatakia safari njema, nikishamaliza nanywa maji yangu. Huyu nilimwambia abaki. Ni mara yangu ya kwanza, Mjomba, na sikukuomba ruhusa.

Nisalimie mkazamjomba Tatu, mwambie vitenge alivyoniagiza nimeshavipata na Saidi anavyo. Wasalimie na majirani wote wanaoniuliza. Mwenyezi Mungu alipe nguvu goti lako na awape korosho nyingi mwaka huu. Nakusubiri, na nakuheshimu, kwa jibu lolote utakaloona linafaa.

Ni mimi mpwa wako,
Asia Shafii