Mistari Niliyoichora

Jumapili, 3 Machi

Meza ya Bwana leo. Sikushiriki — mara ya tatu sasa. Nilijifanya nakohoa, nikatoka na leso mdomoni. Upande wetu Mama Shemasi ndiye aliyebeba sinia la vikombe.

Huyu mama! Baada ya ibada kanifuata hadi getini, kanishika mikono yote miwili. Hajasahau nilivyopita wodini kumwona marehemu binti yake, siku zote tisa. Mikono hii imebarikiwa, anasema. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Hajui nilikuwa napita kuangalia nini.

Jumatatu, 4 Machi

Kazini. Chumba cha kutakasia vifaa vya upasuaji, mwaka wa kumi na nne huu. Sakafuni kuna mstari mwekundu. Kiatu cha nje hakivuki. Vifaa tunavifunga kwa kitambaa, juu tunabandika utepe, kifurushi kinaingia kwenye mtambo wa mvuke. Joto likifika panapotakiwa, utepe unatoa mistari myeusi. Usipotoa, kifurushi kinarudi mtamboni. Hata mtoto angeelewa.

Haya, niandike. Hapa hakuna anayesoma.

Siku ile umeme ulikatika katikati. Uliporudi, utepe ulikuwa mweupe vilevile. Daktari keshapiga simu mara mbili, binti wa kidole tumbo yuko mezani, nami nimechoka kutukanwa. Nikachukua kalamu nyeusi. Nikachora mistari mwenyewe. Kwa rula!

Kidonda kilioza. Siku ya tisa akafa. Daktari alisema mambo haya hutokea, na wote wakakubali.

Jumatano, 6 Machi

Nafunga tangu Jumatatu. Mikono nimeisugua hadi viwikoni, imechubuka. Msimamizi kaniuliza kama nina upele. Mume wangu anasema nimekuwa mtakatifu ghafla, hata chai nakataa, nikifika mbinguni nimwekee nafasi kwenye foleni. Nilicheka. Kisha nikaenda bafuni, nikafungua bomba asinisikie nikilia.

Kusali siwezi. Wengine wakiimba kwamba Mungu ni mtakatifu wanaimba tu. Mimi usafi ndio unaonilisha. Najua kitu kichafu kinafanyiwa nini pale kwetu: hakijadiliwi, kinatolewa nje.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemwendea mchungaji. Nikamweleza yote, hadi rula. Alipoanza na neema, kwamba ni ya bure, nilimkatiza kwa hasira: bure kwa nani? Binti yuko kaburini!

Hakukasirika. Akasema hata neema ilimgharimu mtu damu yake, ndiyo maana hawezi kuitaja kwa mzaha. Akauliza kwa nini midomo yangu imekauka. Nikamwambia nafunga, ili angalau nifike mbele za Mungu nikiwa safi kidogo.

"Dada," akasema, "hakuna anayetakata kwanza ndipo aje. Huko kufunga kwako bado ni kalamu."

Nikauliza kama atamwambia Mama Shemasi. Hapana, akasema, hilo ni langu mimi kulisema. Ila nisidhani nitamsogelea Mungu huku nikimkimbia yule mama. Nilitoka bila hata kuaga. Njiani nikanunua mkate, nikaumaliza wote nikiwa nimesimama.

Jumapili, 10 Machi

Niko sebuleni kwa Mama Shemasi. Naandika juu ya goti.

Nimemwambia. Sikulia, nilijikataza — ningelia, angelazimika kunibembeleza, na hiyo ingekuwa dhuluma ya pili. Umeme, utepe, kalamu. Alinisikiliza mikono ikiwa mapajani. Akauliza jambo moja tu.

"Ulijua?"

Nikasema nilijua.

Aliinuka, akashika ukuta, akaenda chumbani. Mlangoni akasema bila kugeuka, "Usiondoke."

Nusu saa sasa. Namsikia akiongea chini chini. Sijui anaongea na Mungu au na polisi. Mlango wa nje uko wazi, barabara naiona kabisa, watu wanapita na shughuli zao.

Nimejaribu kusali. Siku zote nilianza na sifa zangu: nimetoa, nimehudumu, nimefunga. Leo sina hata moja. Nimesema tu: Baba, ni mimi, nimemuua mtoto wa mtu. Basi. Wala sikufukuzwa. Naogopa kuliko jana — lakini sikufukuzwa.

Huko ndani kumekuwa kimya. Nasikia ndala zake.

Nimelitoa begi langu kwenye kochi, endapo atataka kukaa hapa karibu nami.