Karavani Lako Lipo Palepale

Kimara, Dar es Salaam
22 Aprili 1980

Kaka Ansbert,

Shikamoo. Hiyo pokea, kwa kuwa wewe ndiye mkubwa. Habari za Mwanza, habari za wifi na watoto? Sisi huku tunaendelea. Mama ametoka hospitali, leo siku ya nne, na jana amemgombeza jirani yetu Mwajabu kwa kumletea uji usio na sukari, kwa hiyo naamini anapona.

Barua yako nimeisoma mara tatu, nikidhani labda nimeruka mstari unaouliza Mama anaendeleaje. Haumo. Umeandika kurasa mbili kuhusu friji. Unasema uliniachia friji, feni, redio, taa na betri mbili za lori, na mimi mwalimu mzima nimeshindwa kutunza chupa ya dawa ya sukari, nusura nimuue mama yetu kwa uzembe. Haya, sasa nisikilize na mimi.

Uliponunua karavani lile kwa mainjinia wa barabara waliokuwa wanarudi kwao, ukaja kulisimamisha kwenye kiwanja changu, uliona kwa macho yako kwamba huku hakuna nguzo hata moja ya umeme. Mpaka leo hakuna. Ulisema Mama atalala humo kama bibi wa kizungu, na gesi itaendesha friji. Gesi iliisha mwezi wa pili tu tangu ulilete. Mtungi mwingine nimeutafuta mpaka Temeke, nikarudi mikono mitupu. Nikakuandikia, nawe badala ya kuja ukanijibu kwamba nigeuze swichi, friji itumie betri. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa kwenye nyumba yenye umeme ukutani.

Friji ile ikishika betri inazimaliza kwa siku moja na nusu. Ilibidi nijifunze mwenyewe. Usiku naizima, mchana naiwasha, mlango unafunguliwa asubuhi na jioni tu, Mama anapochomwa sindano. Feni marufuku, taa marufuku, tunatumia kibatari. Kwa kujibana hivyo zinafika siku tatu, kisha tunazipakia kwenye mkokoteni mpaka gereji kwa Fakihi, kule Ubungo, zikachajiwe. Hujawahi kuuliza nani anausukuma.

Mwezi uliopita niliitwa semina ya elimu ya watu wazima Kibaha, Alhamisi mpaka Jumapili. Betri zilikuwa zimetoka kwa Fakihi asubuhi ileile. Nilimwachia Mwajabu kazi ya sindano na friji, nikaondoka moyo wangu umetulia.

Niliporudi Jumapili saa kumi nilimkuta Mama amelala ndani ya karavani, midomo imekauka, ananiita kwa jina la marehemu shangazi. Lile bati lilikuwa linaunguza. Friji ilikuwa ya moto ndani, na dawa imefanya vipande vyeupe kwenye chupa. Mwajabu alilia, akasema yeye alichoma kama nilivyomwelekeza, hakujua kwamba dawa nayo inaoza. Jumapili mchana, magari ya watu binafsi yamekatazwa barabarani ili kuokoa mafuta, unajua. Mama yako alifikishwa Barabara ya Morogoro kwa mkokoteni wa betri zako, mpaka gari la serikali likatuonea huruma.

Hospitali nesi aliuliza tunaweka wapi dawa. Nilipomweleza habari za karavani alicheka, akasema wasio na umeme wanaitia kwenye kopo lenye kifuniko, wanaliacha lielee ndani ya mtungi wa maji, kivulini. Mtungi, kaka! Uko mlangoni kwangu tangu nihamie Kimara. Mwaka mzima naupita nikisukuma betri, kwa sababu wewe ulisema friji.

Sasa nani alizimaliza betri? Mama mwenyewe aliniambia alipopata nguvu. Redio yangu ya nyumbani haina betri, madukani hazipo, kwa hiyo nilipoondoka tu alihama nyumbani akaenda kukaa karavanini, akafungulia redio yako tangu asubuhi mpaka stesheni inafunga, na feni juu kwa sababu ya joto. Nilimuuliza kwa nini, naye anajua ni marufuku. Akasema anasubiri kipindi cha salamu. Ansbert huwa anamsalimu redioni, na kadi ya salamu haina siku maalumu, akizima inaweza kusomwa asiisikie.

Kaka, zile salamu ni zangu. Krismasi ilipita hujamwandikia Mama hata mstari mmoja, ni mwaka wa pili huo, na kila siku ananiuliza posta kuna nini. Nikanunua kadi, nikaandika kwamba Ansbert wa Mwanza anamsalimu mama yake mpenzi Anastasia wa Kimara, anamwambia tutaonana karibuni. Siku iliposomwa alipiga vigelegele mpaka Mwajabu akaja mbio. Nikatuma ya pili. Ya tatu niliitia posta asubuhi ile nilipokwenda Kibaha, nikamnong'oneza ategee redio, ili asione upweke. Mimi ndiye niliyemkalisha mbele ya redio ile. Uongo wangu ndio uliokula betri, na nusura ummalize Mama. Uzembe huo naukubali, nao unaniuma kuliko barua yako.

Mama sijamwambia. Dawa sasa iko mtungini. Friji nimeing'oa waya, na karavani lako lipo palepale, njoo ulivute. Fakihi amemtafutia Mama betri nne za redio, naye Mama ameiweka redio yangu kitandani, anasikiliza tangu asubuhi. Mimi kadi nyingine siandiki. Ndani ya bahasha hii kuna moja tupu, stempu nimeshabandika.

Wasalimie wifi na watoto. Mama naye anakusalimu sana, anasema asante kwa kumkumbuka.

Mdogo wako,
Jovina