Dakika Mbili za Mama

Kasongo, tarehe 14 mwezi wa tano

Kwako yaya Clémentine, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu za mdogo wako. Mmeamkaje huko Wamaza? Mguu wa baba umepona? Mimi ni mzima, nakula, nasoma; ila haya zangu ni zile zile, mdomo unanifunguka kwenye karatasi tu.

Uliniuliza hiyo labo ya media ya chuo inafananaje. Yaya, ni chumba kimoja chenye rangi mpya, kompyuta tatu, feni moja, na kibao kikubwa kuliko mlango wenyewe: Sauti ya Jamii. Jenereta ikizimika, jamii inanyamaza. Mkubwa wetu ni Asistan Yves, anayevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Hajashika jembe maishani, lakini anafundisha wakulima namna ya kuelezea njaa. Kila kijiji kina msemaji mmoja na dakika mbili katika filamu. Kamati ya mradi wa maji inatazama, kisha inachagua kijiji kimoja kitakachotengenezewa chemchemi.

Ndiyo maana walikuja kwenu, na wanawake wakamchagua mama. Unajua mtu wa kwetu hamrushii mgeni shida usoni kama anayefukuza mbuzi. Mama alishukuru miguu ya wageni, akashukuru wazazi wao, akataja marehemu waliochimba ile chemchemi, akawaombea njia njema, yote kwa Kibangubangu. Filamu inaishia hapo. Maji yenye minyoo, watoto wanaohara, mtoto wa jirani yetu Asma tuliyemzika, hayo yalifuata baadaye, kama inavyopasa.

Juzi kamati ilitazama. Yves akawaeleza kwa Kifaransa chake cha puani kwamba watu wa Wamaza ni wa furaha, wanashukuru tu, hawana shida. Wanafunzi wenzangu wakacheka, wakaulizana kama hiyo mama iko anahubiri ao iko anauzisha dawa. Wazee wa kamati, waliosinzia tangu soda ya kwanza, wakatikisa vichwa kukubali. Kazi ya chemchemi wanataka kuipeleka kijiji kingine, ambacho msemaji wake alilia tangu neno la kwanza. Watatia sahihi Ijumaa.

Nawadharau wote, yaya, na nilidhani dharau hiyo inanifanya bora kuliko wao. Sasa nikuambie. Aliyekata filamu ni mimi. Yves hajui Kibangubangu. Alinipa maneno yote ya mama, dakika kumi na moja, akaniambia nichague mbili nzuri. Nilimsikia mama akitaja jina la mtoto wa Asma. Lakini wenzangu walikuwa nyuma yangu, wanaiga namna anavyofunga kitambaa chake, wakaniuliza kama namjua. Nikasema simjui. Nikachukua mbili za kwanza haraka haraka, ili atoke kwenye kioo. Yves ni mjinga. Mimi nilijua.

Zile tisa hazijafutwa. Ijumaa nitaingia kwa kamati, nitawaonyesha zote, nitatafsiri kwa mdomo wangu huu huu, na neno la kwanza nitasema huyu ni mama yangu. Wakikataa, angalau watakuwa wamekataa wakisikia.

Usimfiche mama barua hii. Msomee yote, hata pale niliposema simjui.

Nisalimie baba, nisalimie Asma, kama atakubali salamu yangu. Mungu awalinde.

Ni mimi,
Falone, mutoto wa Estelle wa Wamaza