Febronia, Uliyetuambia Tutembee

Mwaka umezunguka, Febronia, tangu tulipokulaza katika udongo wa Mandewa, adhuhuri ya jua kali, watu wakiwa wengi kuliko vivuli.

Tumechoka, mwanangu. Tunakwambia bila aibu, maana hukupenda mtu ajikaze mbele yako. Watu walituambia majonzi hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Labda kwa wengine. Hapa nyumbani yamekaa kama mgeni asiyeaga, nasi tunayapisha tu ili tufagie.

Mama yako Anastasia akisikia hodi Jumapili baada ya misa bado anajibu kana kwamba ni wewe, "Karibu, Mama Eliana," kabla hajatazama aliye mlangoni. Mara nyingi ni jirani amekuja kuomba chumvi. Anampa chumvi, kisha anakaa chini.

Mimi baba yako nimezika wazazi wangu, nimezika kaka zangu, nimezika wenzangu wengi wa reli. Kazi hiyo niliizoea. Kuzika mtoto sikuwahi kufundishwa, na tangu madarasa ya jioni pale Manyoni hadi leo nimesoma vitabu vingi, sijakuta palipoandikwa namna yake.

Halafu kuna lile swali ulilotuachia. Siku ya moto, kwa nini hukupanda juu kumchukua mtoto wako? Limeulizwa sokoni, limeulizwa msibani, na limekaa mezani kwetu mwaka mzima, kati yetu na mume wako Gasto. Leo tunakukumbuka pamoja na swali hilo. Tukiliruka, wewe mwenyewe ungetucheka.

Ulikuwa mtu wa sauti ya taratibu tangu utoto. Miaka uliyokaa kwenye ubao wa kuunganishia simu wa shirika, watu wa Singida walikujua kwa sauti kabla ya sura. Mtu alipiga simu akiwa amefura kwa hasira, wewe ukamjibu, "Subiri kidogo ndugu yangu, nakutafutia," naye akasubiri. Ikaja miaka ya kupunguza wafanyakazi. Shirika likauzwa, ubao wa simu ukang'olewa, nanyi mkatolewa nao. Ulirudi nyumbani mchana, ukavua viatu, ukaomba uji. Ulipomaliza bakuli ndipo ukatuambia.

Miaka hiyo hiyo kila mwenye mtaji alikuwa anapandisha ukuta. Mzee Luqmani, muuza nguo, alijenga jengo lake karibu na soko la vitunguu: maduka chini, ofisi katikati, mafundi cherehani juu. Wageni waliotaka kupanga ofisi walisema hawaingii mpaka jengo liwe na mtambo wa sauti wa kuwaambia watu watoke kukiwa na hatari. Mzee Luqmani aliagiza mtambo pamoja na fundi wake kutoka Dar es Salaam, akakuita wewe ujifunze kuuendesha, kwa kuwa alikuwa ameizoea sauti yako simuni.

Hukungoja kufundishwa maiki tu. Siku ya kwanza ulimshikia fundi ngazi. Siku ya pili yeye akakushikia wewe. Alikuwa mtu mwema, hakuwa na choyo. Alikuonyesha kupitisha waya wa kila ghorofa njia yake, ili moto ukikata spika za chini, za juu ziendelee kusema. Kule juu mliweka spika mbili zikitazamana, maneno yakagongana yakawa uji. Ukahamisha moja, nyingine ukaipunguza sauti, ukamwomba Mama Rukaya, mkuu wa wale mafundi cherehani, asimame kila kona na kusema anachosikia.

"Hapa nasikia 'tembea'," alipaza sauti. "Hapa nasikia 'pembea'. Unatutaka tupembee, Mama Eliana?"

Betri za kuendesha mtambo umeme ukikatika mlizichagua wewe na Gasto, kwa sababu dereva wa lori anazijua betri. Alikuletea maji yake kutoka gereji, nawe ukayajaza mwenyewe, umefunga kitenge usoni.

Siku ya jaribio la kwanza haisahauliki. Fundi aliwasha king'ora, kisha akashika maiki akapaza sauti kama alivyozoea kwao: "Moto! Moto! Tokeni nje!" Watu wa juu wakaanza kushuka. Lakini soko la vitunguu liliinuka lote. Wabeba mizigo, wauza kuku, mafundi baiskeli, kila mtu na ndoo yake au fimbo yake, wakaingia mlangoni mbio. Wanaoshuka wakakutana na wanaopanda katikati ya ngazi, wakakwama hapo, huyu anasema "nipishe nitoke", yule anasema "nipishe nikuokoe".

Fundi alishika kichwa. "Hawa watu wana nini? Wanaukimbilia moto?"

"Kaka, umepiga yowe," ulimwambia. "Kwetu yowe likipigwa, mtu anakimbilia linakotoka. Asiyekwenda anatozwa faini, na siku ng'ombe wake wakichukuliwa atapiga yowe peke yake."

Fundi alicheka mpaka akakaa juu ya boksi la nyaya. Kisha akasema neno ambalo tunamshukuru hadi leo: "Basi tuanze upya, dada. Tufunge mtambo wa watu waliopo."

Mkaondoa king'ora. Ukakataza neno "moto" lisitajwe kabisa. Ukataka spika moja zaidi, ikae nje, uani. Mzee Luqmani hakuelewa.

"Ya nje ya nini tena, binti? Wa nje wana hatari gani?"

"Mzee wangu, wa nje ndio watakaotuua kwa kutupenda."

Aliguna, akakubali.

Maneno yako yalikuwa machache, na kila aliyefanya kazi pale anayajua kwa moyo. "Ndugu zangu, ni Febronia. Acha ulichoshika. Shuka kwa ngazi iliyo wazi. Tembea, usikimbie." Na kwa spika ya uani: "Ndugu zangu wa nje, msije. Wanakuja wao. Wapisheni." Uliyasema kwa sauti ya mama anayewasindikiza wageni. Ukaweka na sharti: aliyeshika maiki haondoki wala hanyamazi mpaka mtu wa mwisho atoke, kwa sababu sauti ikikatika, watu watageuka kuitafuta.

Kila mwezi uliwatoa nje Jumamosi moja kwa mazoezi. Walilalamika sana. Selemani wa vitunguu alikuwa anakuita toka mezani kwake, "Mama Eliana, leo tunaungua saa ngapi? Nina wateja!" Nawe unamjibu, "Maliza kitumbua kwanza, Selemani. Hatuungui na njaa." Wakacheka, wakashuka, wakasimama uani wakikusema. Hukujali wakikusema, mradi wamesimama uani.

Moto wenyewe ulikuja alasiri. Ulianzia katika stoo ya magodoro chini ya ngazi ya mbele, na moshi wa magodoro ni mzito. Ulijaza ngazi ile kabla watu hawajajua wananusa nini. Wewe ulikuwa katika kachumba kako kando ya mlango wa nyuma, penye dirisha la kioo linalotazama uani. Eliana wako, aliyekuwa bado anajifunza kusoma, alikuwa juu kwa Mama Rukaya, ambako alikungoja kila siku baada ya shule, akicheza na vipande vya vitambaa.

Ulibonyeza kitufe ukasema maneno yale yale ya Jumamosi, ila safari hii ukataja ngazi ya nyuma. Wakaanza kushuka.

Gasto alikuwa anashusha alizeti duka la jirani. Alipoona moshi alifanya kama alivyolelewa: alikimbia kuja, na nyuma yake kundi la wanaume wenye ndoo. Spika ya uani ikawaambia msije, wanakuja wao, wapisheni. Wale wanaume wakasimama, ingawa miguu ilikuwa inawawasha. Gasto hakusimama. Alifika dirishani kwako akagonga kioo.

"Mama Eliana! Mtoto yuko juu!"

Uliachia kitufe. "Anashuka."

"Napanda!"

"Baba Eliana, ukipanda wewe watapanda wote. Tazama nyuma yako."

Akatazama. Walikuwa wameshaanza kumfuata. Nawe hukungoja jibu lake. Ulikuwa umeshabonyeza tena. "Tembea, usikimbie. Mlango uko wazi." Waliokuwepo wanasema sauti yako haikupanda wala haikutetemeka. Gasto aliegemea ukuta, mikono nyuma, akitazama mlango ukitoa watoto wa watu wengine.

Mama Rukaya alitoka wa mwisho, kwa kuwa alipita kila chumba kuhakikisha. Eliana alikuwa ameshika upindo wa kanga yake. "Juu hakuna mtu," alisema. Na hapo ndipo ulipowaambia wa nje neno walilokuwa wakilingoja: "Sasa njooni." Waliingia na ndoo na mchanga kama soko zima limefunguliwa kamba. Jua halijazama, moto ukawa umezimwa. Hakuna mama aliyelia siku ile Singida kwa sababu ya jengo lile.

Jioni kidole chako kilichoshika kitufe kilikataa kunyooka, mama yako akakikanda kwa maji ya moto. "Mimi ningepanda," alikwambia.

"Najua, mama. Ndiyo maana maiki hawakukupa wewe."

Tulicheka, isipokuwa Gasto. Alikuwa ameshika sahani yake bila kula. "Uliniambia anashuka," alisema. "Ulimwona?"

"Sikumwona."

"Nani alikwambia?"

"Hakuna. Nilijua ngazi ya nyuma haina moshi na Mama Rukaya yuko naye. Zaidi ya hapo sikujua, Baba Eliana. Nilisema tu."

Aliweka sahani chini akatoka. Baada ya hapo, maji ya betri hakuacha kukuletea hata mara moja, lakini aliyaweka mlangoni bila kuingia. Sisi wazee tuliwaita, tukawakalisha, tukasema yanayosemwa. Ulimwambia, "Ningepanda, wangapi wangenifuata?" Naye akakujibu, "Mimi siulizi wangapi. Nauliza mmoja." Wote wawili mlikuwa mmesema kweli, na kikao cha ukoo hakina dawa ya namna hiyo.

Ikaja homa ya uti wa mgongo. Gasto ndiye aliyekubeba mikononi hadi kwenye lori, ndiye aliyekesha nje ya wodi. Aliniambia alikuwa na maneno ya kukwambia, alingoja tu upate nafuu. Hukupata nafuu.

Mtambo unafanya kazi bado, mwanangu. Maiki anaishika Mama Rukaya. Mwanzoni alikuwa anakimbiza maneno, mpaka Selemani akamwambia, "Mama, hivyo unatupigia yowe, nitaingia na ndoo." Sasa ametulia. Wanatoka, wanalalamika, wanasimama uani.

Wiki hii nilikaa kukuandikia haya. Mwalimu mmoja alijitolea kuniandikia, nikamshukuru, nikakataa. Mama yako na Eliana walikuwa uani wakichambua mchele wa chakula cha misa yako. Gasto alikuwa ameleta kuni, akaketi kidogo kupumzika.

"Babu, unaandika nini?" Eliana aliniuliza.

"Namwandikia mama yako."

"Andika kwamba alijua nashuka."

Ungo wa mama yako ukasimama. Sikuandika. Mtoto amekuwa akiambiwa hivyo na kila mtu mwema anayekuja hapa, na ni vigumu mzee kumkanusha mtu mwema. Ni Gasto aliyesema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetua mzigo aliobeba mbali.

"Hakujua, mwanangu. Nilimuuliza mwenyewe. Hakujua."

Eliana alitoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa. "Lakini si alikuwa na sisi kule juu?"

"Alikuwa chini. Nilikuwa naye, kioo tu katikati."

"Na kwetu pia alikuwepo. Alikuwa anaongea. Mama Rukaya aliniacha mlangoni akaangalie chumba kingine, nikaanza kulia. Mama akasema tembea, mlango uko wazi. Nikanyamaza."

"Hukuogopa?"

"Niliogopa moshi. Ila mama si alikuwepo?"

Gasto alimtazama mwanawe. Kisha mume wako akanigeukia.

"Mzee," alisema, "andika hivyo."

Nimeandika hivyo, Febronia. Kwamba hukujua, na kwamba ulikuwepo.

Wanaokukumbuka ni mumeo Gasto na binti yenu Eliana. Mama yako Anastasia. Dada yako Loyce wa Itigi na kaka yako Simoni. Wakwe zako na shemeji zako wote. Mama Rukaya, Mzee Luqmani na watu wa jengo na soko. Nami baba yako, Urbano Nkuwi. Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili asubuhi, na baada yake tutakula pamoja nyumbani Mandewa. Gasto amesema atakaa mezani.

Pumzika, mama. Tumechoka, lakini kukukumbuka hatutachoka milele.