Siri Aliyokupa Wewe

Kabuku

Mdogo wangu Chausiku,

Huku tu wazima, mahindi yamebeba, na goti la mama limepoa.

Juzi nilikukatia simu uliponieleza maneno ya mwanangu Maryamu: "Mama mdogo, mimi moyoni ni mvulana, toka zamani."

Sikushangaa. Tangu ana miaka mitatu analia akivishwa gauni, kana kwamba kavishwa nguo ya mtu mwingine, na machozi hayo nimeyafuta mimi. Kinachoniuma ni kwamba miaka tisa tumelala kitanda kimoja, halafu siri yake akaja kukupa wewe, kwa likizo moja tu huko Vugiri. Nakuonea wivu kama mke mwenzangu.

Jumamosi napanda huko, nimsikilize mwenyewe. Mwambie asikwambie jingine mpaka nifike.

Dada yako,
Munira