Sifuri ya Mama Imeingia kwenye Ramani

Kiwangwa, Jumamosi jioni. Jua limechoma tangu asubuhi, hakuna hata kiwingu cha kudanganyia, lakini mimi nina raha ya mtu aliyenyeshewa.

Shajara yangu, leo tumeshinda. Humu nimelalamika sana mwaka huu, kwa hiyo leo nivumilie nikijisifu kidogo. Sana, kwa kweli.

Kwa wanaopita hapa mtandaoni mara ya kwanza: mimi nina kiduka cha steshenari Zinga, barabarani. Natoa kopi, nachapa, nafunga vitabu. Mama yangu anaishi huku Kiwangwa, analima mananasi na mahindi kidogo ya kula. Masika ya mwaka jana mvua haikumfikia. Sisemi ilipungua, nasema haikumfikia. Mahindi yalikauka yakiwa hayajavuka magoti. Ukaja mradi wa kugawa mbegu za mtama kwa vijiji vilivyopatwa na ukame, na kijana mmoja wa mradi huo, mpole, mwenye adabu zake, akamwamkia mama vizuri kabisa, kisha akafungua simu na kumwonyesha ramani ya mvua. Kiwangwa yote ilikuwa ya kijani. "Mama, huku kwenu mvua imenyesha ya kutosha," akamwambia. Akaaga, akaondoka na mbegu zake.

Alimwambia hivyo mama akiwa amesimama katikati ya mahindi makavu.

Mama hakugomba wala hakulia. Lakini tangu siku ile, mtu akimuuliza habari za shamba, jibu lake lilikuwa moja: "Kaulizeni setilaiti." Watu walicheka. Mimi lilinichoma. Mama yangu ni mtu wa kusema kweli hata pale ambapo ungeomba anyamaze, na sasa alikuwa amefanywa mwongo kwa jambo lililo mbele ya macho yake.

Miezi kadhaa baadaye akaja dukani binti wa chuo kuchapa utafiti wake. Kurasa kwa kurasa za ramani: mvua, upepo, joto la bahari. Nilipoiona ile rangi ya kijani nikapandwa na hasira, nikamuuliza kwa ukali hizi ramani wanazinunua wapi. Akacheka.

"Ni bure, dada. Ziko wazi kwa kila mtu."

Akanifungulia tovuti. Jamani! Joto la maji ya pwani yetu, miaka na miaka. Picha za mawingu kutoka angani. Mpaka jua lenyewe na madoa yake, mtu anaangalia tu, haulizwi wewe nani. Bando langu la wiki liliisha siku hiyo hiyo. Nilikuwa naona maajabu, na papo hapo nilikuwa naona aibu kwamba kabati lote hili liko wazi na mimi kila siku nafungua intaneti kuangalia mishono ya vitenge.

Nakiri nilikwenda kule kumtafuta mwongo. Sikumpata. Setilaiti inaona wingu kwa juu, halafu inakisia mvua chini yake. Ni sawa na mtu anayeona moshi wa jiko lako akasema wali umeiva. Ili makisio yasahihishwe inatakiwa mtu mwenye kipimamvua ardhini, na kwenye ramani ya vituo upande wetu wote ulikuwa mtupu. Mawingu ya kutoka baharini yalikuwa yanapita juu ya mama kwenda kunyeshea wengine, na hakukuwa na mtu wa kulisema hilo kwa namba.

Chini ya ukurasa paliandikwa kwamba yeyote anaweza kujitolea kupima. Nikaomba. Kipimamvua kikaja ndani ya boksi, nikamletea mama, tukakifunga kwenye nguzo mbali na miti.

"Kwa hiyo nikipima mimi, wataniamini?" akaniuliza.

Nikajibu ndiyo. Uhakika sikuwa nao hata chembe.

Sharti lao ni kusoma kipimo kila siku saa tatu asubuhi, kunyeshe kusinyeshe. Basi kila siku saa tatu simu yangu inaita, nasikia neno moja, "Sifuri," halafu anakata. Salamu hana muda nazo. Mimi naingiza namba kwenye tovuti kati ya mteja na mteja. Jumapili, mama ambaye amekaa benchi la mbele kanisani tangu sijazaliwa, alihamia la nyuma kabisa karibu na mlango ili atoke wakati wa mahubiri. Kina mama wenzake wakaamini amegombana na kwaya.

Bi Mwanaidi, jirani yetu, ndiye aliyemtania zaidi. "Mama Tekla, jua lote hili unakinga nini kwenye hicho kibilauri?"

"Nakinga. We subiri."

Vuli ikaja ikagoma, na sifuri zikaendelea. Wiki chache zilizopita ikaingia barua pepe kutoka kwa wasimamizi wa takwimu. Lugha ya heshima, lakini maana yake ilikuwa ngumu kumeza: vipimo vyenu tumeviweka pembeni, havilingani na majirani zenu, majirani wote wamepata mvua kubwa, tafadhali angalieni kama kifaa ni kizima.

Ilinibidi nimwambie. Nikampigia mama simu, nikamsomea barua yote.

"Na wao wanasema imenyesha?"

Siku ile nilikosea kopi za watu, nikagombana na mashine, nikajilaumu kwa kumpa mama tumaini ili aje aitwe mwongo mara ya pili, safari hii na dunia nzima. Niliamua niache. Nilikuwa nimeshaamua kabisa.

Kesho yake saa tatu simu ikaita. "Sifuri. Andika."

Hasira zikanirudia, hizi sasa zilikuwa hasira za maana. Nikasema acha niwaone hao majirani walionyeshewa, labda nawafahamu. Nikafungua orodha ya vituo vya jirani. Majina hata sikuweza kuyatamka. Nikaivuta ramani nyuma, nikaivuta tena, tena.

Shamba la mama yangu lilikuwa Ethiopia.

Shajara, nilicheka mpaka mzee aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho akaniuliza kama niko salama. Wakati wa kujaza mahali kilipo kituo, sisi wa kusini mwa ikweta tunatakiwa kuweka alama ya kutoa mbele ya namba ya latitudo. Mimi sikuiweka. Kistari kimoja! Sifuri ya mama ilikuwa imeketi ugenini katikati ya mvua za Waethiopia, na wenyewe wakaiona ya ajabu. Wangeiachaje?

Nikakiweka kistari. Nikawaandikia, nikaeleza, nikaomba radhi. Mama nilipomsimulia aliuliza tu kama huko Ethiopia nako wanalima mananasi.

Na leo asubuhi, kabla sijafungua hata mlango wa mbele wa duka, nikaingia kwenye tovuti kama ilivyo kawaida yangu. Ramani ya vuli imesahihishwa. Kijani yote juu yetu imeondoka, Kiwangwa ni kahawia, kavu, kama ilivyo kweli. Na katikati kuna nukta nyeusi. Ukiigusa inafunguka: sifuri, sifuri, sifuri, zote za mama, zimethibitishwa, ziko wazi kwa kila mtu duniani.

Nilipiga kigelegele peke yangu. Nikamtumia kijana wa mradi wa mbegu, ambaye namba yake mama alibaki nayo, kiungo cha ramani hiyo, bila maneno mengi, nikafunga duka na kuja huku.

Mama aliishika simu kwa mikono miwili. "Hii kahawia ndiyo sisi?"

"Ndiyo sisi."

Akamwita Bi Mwanaidi aje aone. Bi Mwanaidi akaja, akaangalia, akasema haya, amekubali, lakini rangi yenyewe mbaya. Wakacheka wote wawili mpaka kanga zikadondoka mabegani.

Alasiri simu ikaita. Alikuwa yule kijana, akaomba kuongea na mama. Nikaweka sauti ya juu, nisikie vizuri, maana nilijua leo mama anamtolea uvivu, na kwa haki yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, samahani. Naomba nikuulize. Huko kwako mvua imenyesha?"

Mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua. Vumbi limelala hadi kwenye majani ya mananasi. Jibu lilikuwa linajulikana hata kwa kuku. Mama akajifunga kanga vizuri.

"Subiri nikapime," akasema.

Akaenda, taratibu, mpaka kwenye nguzo. Akainama, akavaa miwani, akatazama kile kibilauri upande huu na upande huu. Kijana alisubiri. Nilimsikia anavyopumua. Mama akarudi kwa mwendo ule ule.

"Sifuri."

"Nimeiandika, mama. Jumatatu tunakuja na mbegu."

Mama akanirudishia simu, akashika njia ya jikoni. Mlangoni akageuka, uso wote unacheka, uso ambao nilikuwa sijauona tangu masika ya mwaka jana.

"Umesikia, Tekla? Safari hii ameniuliza."